Hilux ya 22R inapogonga kwa mbele

SWALI: Wandugu, salamu kutoka Bagira, hapa Bukavu. Nina Toyota Hilux ya 1989, moteri 22R ya kabureta, inayopanda na kushuka mlima wa Ngomo na mizigo ya soko. Asubuhi nikiwasha inagonga kwa mbele, kra-kra-kra, na siku hizi hata ikipata moto hainyamazi. Mekanisien mmoja anasema ni cheni ya distribisioni. Mwingine anasema nitie oili nzito nitembee tu. Nimsikilize nani?

JIBU: Msikilize wa kwanza, ndugu. Kikaza cheni cha 22R kinasukumwa na springi pamoja na presha ya oili. Oili nzito asubuhi inachelewa kukifikia, kwa hiyo mlio utazidi. Ingekuwa kelele ya sekunde mbili tatu moteri ikiwa baridi, ungeweza kungoja kidogo. Ikiendelea hata moto, mara nyingi reli inayoongoza cheni imekwisha kuvunjika.

Tangu 1983 hivi moteri hii ina cheni ya safu moja inayounganisha kranki (mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni) na kamshafti (mhimili wa juu unaofungua valvu), ikipita kati ya reli mbili za plastiki. Cheni ikirefuka, kikaza hutoka hadi mwisho wake, cheni hulegea na kupigapiga, na reli ya kushoto (kushoto kwa mtu aliyekaa ndani ya gari) hukatika. Kuanzia hapo chuma kinakwaruza kava ya mbele, ambayo ni aluminiamu, na nyuma ya ukuta huo hupita maji. Ukuta ukitoboka, maji yanaingia kwenye oili na kusineti (vyuma laini vinavyobeba kranki) zinaungua. Kwa hiyo leo hii vuta kijiti cha oili. Ukiona rangi ya maziwa, au maji ya radieta yanapungua bila kuonekana yakivuja, usiiwashe tena: ivutwe hadi garaji.

Nunua seti nzima: cheni, gia zake mbili, kikaza, reli, gasketi na sili ya mbele ya kranki. Omba reli zenye mgongo wa chuma. Cheni mpya juu ya gia zilizochakaa italiwa haraka.

Mwaga maji na oili, toa radieta, feni na mikanda. Zungusha kranki hadi pistoni namba 1 iwe juu, roka zake zote mbili (vidole vinavyosukuma valvu) zikiwa zimelegea. Tia alama pale rota ya delko (kifaa kinachogawa umeme kwenye bujia) inapoelekea, kisha toa delko. Bolti ya puli ya kranki ni ya ufunguo wa 19 na inakaza sana: weka gia ya 5, mtu akanyage breki. Ukishatoa gia ya kamshafti usizungushe kranki ovyo, kwa sababu kwenye moteri hii valvu hugongana na pistoni.

Sasa hapa ndipo kava nyingi zinapovunjwa. Kuna bolti moja iliyofichika mbele ya hedi, chini ya gia inayoendesha delko, imezama kwenye oili. Fundi asiyeijua anaingiza bisibisi na kupinda hadi aluminiamu inapasuka au gasketi ya hedi inachanika. Itoe hiyo, na zile za karta (bakuli la oili chini ya moteri) zinazoshika kava kutoka chini, ndipo uvute. Bolti hazilingani urefu: chora kava kwenye katoni na uchomeke kila moja mahali pake.

Wengine huacha karta bila kuishusha, hasa kwenye 4x4 ambako kazi hiyo inachosha. Sisi tunasema ishushwe. Vipande vya plastiki vimeangukia humo, na vikiziba chujio la pampu ya oili utakuwa umebadilisha cheni ili uue moteri.

Wakati wa kurudisha, ufunguo wa kranki (kile kipande cha chuma kinachoshika gia ya chini) na pini ya kamshafti vyote vitazame juu. Kiungo kimoja kinachong'aa kikae kwenye alama ya gia ya chini. Alama ya gia ya juu ikae katikati ya viungo viwili vinavyong'aa. Usisahau ile duara ya pembeni inayosukuma pampu ya esansi. Paka silikoni kidogo kwenye pembe ambako hedi, kava na bloku vinakutana, na jaza pampu ya oili vazelini ili ivute mara moja. Bolti ya kamshafti ikazwe 78 Nm, ya puli 157 Nm. Kisha zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikigota popote, simama, fungua tena.

Oili ni lita 4.3 pamoja na filta mpya. Kama maji yalikuwa yameingia, imwage tena baada ya kilomita 500 hivi.

SWALI: Mimi wa Kadutu. Cheni imebadilishwa jana, gari inapiga risasi kwenye kabureta na haiwaki. Cheni imekaa vibaya?

JIBU: Anza na delko kabla ya kufungua chochote. Gia yake ina meno ya mshazari, kwa hiyo rota huzunguka kidogo inapoingia, na ni rahisi kukosea jino moja, au kuiweka imegeuka nusu mzunguko kwa sababu pistoni namba 1 ilikuwa juu lakini kwenye mwisho wa kutoa moshi. Toa bujia namba 1, ziba tundu kwa kidole, zungusha kranki hadi upepo ukisukume kidole na alama ya puli ifike sifuri. Rota ielekee waya wa namba 1, nyingine zifuate 1-3-4-2. Ikikataa bado, fungua kava ya valvu uangalie pini ya kamshafti: kama haiko juu, cheni imeruka jino.