Muulize Fundi: Kona za fremu zangu hazifungi

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Mimi niko Langoni, Lamu, natengeneza fremu za vioo na makasha madogo ya mvule. Nilinunua mashine ya meza ya mtumba, ile ya msumeno wa duara, kupasua inapasua vizuri tu, lakini nikikata kuvuka nyuzi kona haziji sawa, huku inashika huku inaacha mwanya, mpaka najaza gundi na vumbi la mbao huku naona haya. Ile geji ya pembe iliyokuja nayo inachezacheza. Ninunue mashine nyingine?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Usinunue kitu, pesa yako weka. Tengeneza kigari, vijana wa siku hizi wanaita sledi, ni kipande cha plaiwudi kinachoteleza kwenye vile vifereji viwili vya meza, mbao inakaa juu yake na vyote vinaenda pamoja.

Kwanza lakini chomoa waya wa stima, tia chaki jino moja la bledi, pima toka kifereji mpaka jino likiwa mbele, lizungushe lije nyuma upime tena. Vipimo vikitofautiana shida ni mashine yenyewe, rekebisha hapo kwanza manake kigari hakitakuokoa.

Kitako tumia plaiwudi ya milimita 12 iliyonyooka. Reli, yaani vile vipande vya kuteleza ndani ya vifereji, wengi huchonga mbao ngumu, mimi kwa unyevu wa kisiwani nimechoka nazo, leo inateleza, mvua ikinyesha wiki moja imevimba imekwama. Siku hizi napasua kibao cha plastiki cha kukatia nyama, hakijui maji hicho. Chini ya reli weka sarafu ziinuke kidogo kuliko meza, laza kitako juu, piga skrubu, halafu paka nta ya mshumaa.

Kingo, yaani mbao za kusimama juu ya kitako, ni mbili, ya mbele inashika tu kitako kisiachane vipande viwili bledi ikikikata, ile ya upande wako ndiyo yenye kazi, ndiyo mbao inaegemea. Ifunge na skrubu moja mwisho mmoja, mwisho wa pili ibane na klempu. Na skrubu zikae mbali na njia ya bledi tafadhali, mimi cha kwanza changu nilisahau, cheche zikaruka na bledi ikapoteza meno mawili.

Sasa utamu wenyewe. Guni, kile kipimo cha pembe mraba, usiiamini sana, wacha msumeno ujipime. Chukua ubao wa mraba kama milimita 400, kata upande mmoja, uzungushe huo uliokatwa uegemee ukingo, kata tena, hivo hivo pande nne, kisha rudi upande wa kwanza ukate ukanda wa kama milimita 25. Huo ukanda ndio shahidi, manake kosa limejirundika mara nne. Upime kwa kalipa mwisho huu na mwisho huu. Tuseme huku 25.6 huku 24.8, tofauti ni 0.8, gawa kwa 4, kosa lako ni 0.2 kwa kila milimita 400. Kama toka skrubu mpaka kwenye klempu ni milimita 600, ukingo unasogea 0.3 pale kwenye klempu. Fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, kaazime kwa makanika wa injini za boti, au kata kopo la soda, bati lake ni kama 0.1, weka tabaka tatu. Rudia mkato, tofauti ikizidi basi ulisogeza upande usio sawa, geuza. Ukifika ukanda uko sawa huku na huku, ndipo piga skrubu zingine.

Nyuma ya ukingo wako, pale bledi inapotokea, gundisha gogo nene la mbao. Dole gumba hupenda kukaa hapo hapo bila wewe kujua. Na chini ya meza funga kizuizi, kigari kisimame bledi ikiwa bado ndani ya gogo.

Zile fremu ulizojaza vumbi, mnunuzi akiuliza mwambie ukweli, umpunguzie bei.