Mwanangu ni askari wa gereza Marekani: je, adhabu ya kifo itamlinda?

SWALI: Shikamoo mzee. Mwanangu wa kwanza yuko Marekani na mwaka huu ameanza kazi ya uaskari wa gereza. Tangu aniambie, usingizi umenipaa. Mdogo wangu ananituliza kwamba kule mfungwa akimuua askari na yeye anauawa, akanisimulia habari za wafungwa wa South Dakota waliochomwa sindano ya sumu kwa kosa hilo. Je, ni kweli? Na hiyo sindano inamlinda mwanangu?
Mama Baraka, Kigoma

JIBU: Marahaba, mama Baraka. Habari hiyo ni ya kweli, ingawa si kila jimbo la Marekani lina adhabu ya kifo. Nimeifuatilia kwa karibu kwa sababu yule askari alifia karakanani, na mimi utumishi wangu magereza niliumalizia kwenye karakana ya useremala.

Aliitwa Ronald Johnson. Asubuhi ya tarehe 12 Aprili 2011, siku aliyotimiza miaka 63, alikuwa zamu peke yake kwenye karakana za gereza la jimbo mjini Sioux Falls, mahali wafungwa wanapotengeneza samani na mabango. Wafungwa wawili, Eric Robert na Rodney Berget, wakampiga kwa bomba la chuma na kumzungushia nailoni kichwani. Robert akavaa sare ya marehemu. Berget akajificha ndani ya boksi, akawekwa kwenye toroli, na mwenzake akalisukuma hadi lango la magharibi akiwa ameinamisha uso. Askari wa langoni akashuku. Walimpiga na yeye, lakini askari wengine walifika upesi, wale wawili wakakamatwa.

Linganisha sehemu hizo mbili, mama. Langoni kulikuwa na mtu aliyemkagua mpitaji, na wenzake walikuwa karibu. Aliyepigwa pale alipona. Karakanani hapakuwa na askari wa pili.

Robert aliuawa kwa sindano tarehe 15 Oktoba 2012, na Berget tarehe 29 Oktoba 2018. Sasa unauliza kama adhabu ile inalinda. Siku Johnson anauawa, adhabu ya kifo ilikuwepo South Dakota, na haikuwazuia. Robert alikuwa akitumikia miaka 80 kwa utekaji, Berget kifungo cha maisha. Robert mwenyewe alimwomba hakimu amhukumu afe, akasema asipouawa ataua tena. Na Berget alikuwa na kaka aliyekwisha kuuawa na serikali ya jimbo la Oklahoma mwaka 2000. Kama msiba wa ndugu wa tumbo moja haukumtisha, sioni sheria iliyoandikwa kitabuni ingemtisha vipi.

Sisemi kwamba walionewa. Kosa walikiri wenyewe, na machungu ya mjane wa Johnson siwezi kuyapima. Ninachokwambia ni kwamba sindano ilikuja baada ya mazishi.

Texas nako kuna mfano unaoniumiza zaidi. Askari Daniel Nagle aliuawa kwa kuchomwa na chuma kilichochongwa, Desemba 1999, katika gereza la McConnell huko Beeville. Alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, na muda mfupi kabla ya kifo chake alikuwa amesema hadharani kwamba askari ni wachache mno, na kwamba mpaka mmoja wao auawe ndipo wakubwa watachukua hatua. Mfungwa Robert Pruett aliuawa kwa kosa hilo tarehe 12 Oktoba 2017, akikana mpaka mwisho. Kesi ilivuta miaka. Upungufu wa askari alioulalamikia Nagle haukuhitaji hakimu, ulihitaji ajira.

Hapa kwetu hukumu ya kunyongwa ingalipo kisheria, lakini tangu 1994 hajanyongwa mtu. Kazini sikuwahi kuegemea kitanzi. Pale karakanani kila tindo, msumeno na nyundo ilichorewa umbo lake ukutani, kwa hiyo kifaa kikikosekana pengo lilionekana kutoka mlangoni. Tulihesabu vifaa kabla ya wafungwa kutoka, na kimoja kikipungua hatoki mtu, hata kama uji unapoa. Nilikuwa na wakubwa walioniambia nisimamie peke yangu kwa sababu watu hawatoshi. Nilikataa mara zote, na nilionekana mkaidi. Pia nilijifunza kumsalimu mfungwa kwa jina lake. Mfungwa unayemheshimu ndiye atakayekunong'oneza kwamba leo kuna jambo.

Baada ya kifo cha Johnson, uongozi wa gereza lile uliongeza askari na kuwapa kengele za dharura za kuvaa mwilini. Basi mpigie mwanao simu, umuulize haya: kwenye zamu yake wako wangapi? Anavaa kengele? Akibonyeza, wenzake wanamfikia baada ya dakika ngapi? Vifaa vya karakana vinahesabiwa na nani? Akikwambia anaachwa peke yake na wafungwa, amwandikie mkubwa wake barua yenye tarehe, abaki na nakala, na ajiunge na chama cha wafanyakazi wa magereza kama jimbo lake linacho.