Makala butu si ushahidi kwamba katuni si yake
Kuna mchoraji wa katuni gazetini ambaye pia huandika makala, na kwa kuwa makala hizo zinachosha, wapo wanaodai kwamba katuni yake huandikwa na mtu mwingine. La, kuchosha kwa makala hakuthibitishi hilo. Katuni ya kila siku huwa na visanduku vitatu au vinne hivi, na kiputo cha mazungumzo hubeba maneno machache tu, kwa hiyo nyusi iliyoinuliwa hufanya kazi ambayo kwenye makala ingehitaji aya nzima. Hapa Nairobi, Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo kadhaa kupitia katuni ya Juha Kalulu, si kwa insha. Mcheke kwa makala zake, lakini kumpokonya katuni ni kumwonea. Ni kweli wapo wanaosaidiwa, kama Jim Davis wa katuni ya Kimarekani ya Garfield, ingawa Mmarekani mwenzake Charles Schulz aliichora katuni yake ya Peanuts mwenyewe kuanzia 1950 hadi 2000.