Yale maji uliyojinyunyizia usoni

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 34, naishi Mwanga hapa Kigoma mjini na mume wangu, mtoto wetu wa miaka 4 na mama mkwe. Mapema mwaka huu nilianza jimu na shoga yangu. Tulikwenda kila jioni saa kumi na mbili akitoka kazini, mtoto namwachia mama mkwe. Shoga amehamishiwa Dodoma na tangu hapo nimeshindwa kwenda peke yangu. Nikiingia naona wanaume wote wananitazama, vioo kila upande, mashine sijui nibonyeze wapi. Mume wangu ni fundi wa injini za boti kule Kibirizi. Amenilipia miezi mitatu na kuninunulia raba, lakini nikimwomba twende wote anasema amechoka. Hanijali. Mama mkwe ndiye amenimaliza kabisa. Nilipokuwa nalalamika aliniuliza, "Wewe mpaka ubebwe mgongoni?" Nililia usiku kucha. Wiki iliyopita nilifika mpaka mlangoni mwa jimu nikageuka, nikaenda kukaa kwa rafiki anayeuza vitenge sokoni mpaka giza likaingia, kisha nikajinyunyizia maji usoni na shingoni nikarudi nyumbani. Nifanye nini mume wangu anielewe, na mimi nipate kujiamini?*
*— Mpweke wa Mwanga*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na shoga. Najua jioni inavyokuwa ndefu mtu wako akihamishwa. Pole hiyo ikutoshe, tuje kwenye kweli.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nikaanza kuwatafuta hao wabaya wako ndani yake, nikawakosa. Mume amelipa miezi mitatu. Raba amenunua yeye. Neno "hanijali" umeliandika hata wino wa risiti ya raba haujakauka. Mwanangu, ulitaka akujali kwa namna gani nyingine?

Wewe ni mtu wa Kigoma, Kibirizi unaijua. Wavuvi wa dagaa wanakesha ziwani na taa zao, na alfajiri wakirudi na injini iliyowagomea huko majini, anayeinama juu yake ni huyo mumeo. Anashinda juani, mikono imejaa oili, mgongo umepinda. Akikwambia jioni amechoka, amechoka. Mazoezi yake kayamalizia ufukweni. Kumtaka aje kunyanyua vyuma ili wewe usione haya ni kumwongezea zamu ya pili, na mimi katika hilo niko upande wake.

Sasa mama mkwe. Huyu, ukiacha pale uliposema mnaishi naye, umemtaja mara mbili: mara moja kama mtu anayeachiwa mtoto, umepita haraka haraka, na mara ya pili kama mtu aliyekuliza usiku kucha. Mimi nimesimama pale ulipopita haraka. Kila jioni uliyokwenda jimu na shoga yako, kuna mwanamke mzima aliyebaki nyumbani kumwogesha mjukuu, kumlisha, kumlaza. Hujaandika kwamba aliwahi kunung'unika. Hujaandika kwamba alikwambia mazoezi ni uhuni, au mke wa mtu havai taiti, maneno ambayo wake wenzako wengi wanaambiwa na wakwe zao na wananiandikia mimi. Huyu wako amekuachia njia wazi, akakuuliza swali moja. Ukalia. Mimi nilidhani ungelijibu.

Maana swali lenyewe ni zuri. Katika barua yako yote shoga yumo kila kona, mazoezi hayamo. Hujaniambia ulikuwa unanyanyua kilo ngapi, wala pumzi yako ilifika wapi, wala mwili wako ulibadilika nini. Ndiyo maana nasema ulikuwa hufuati jimu, ulikuwa unafuata shoga. Yeye ndiye aliyekuwa akibonyeza mashine, wewe ukipanda. Aliyebebwa mgongoni hajifunzi njia, na siku mbebaji akiondoka anajikuta mgeni mahali alipopita kila siku.

Halafu yale maji. Hapo barua niliiweka chini.

Mtu hajinyunyizii maji shingoni kwa sababu mume hamwelewi. Anajinyunyizia kwa sababu anajua nyumbani kuna watu wanaofurahi akitoka jasho, na hataki kuwavunja moyo. Umeyaona hayo mwanangu? Ungekuwa huna anayekujali, hayo maji ungemwonyesha nani? Lakini umewadanganya watu wawili walio upande wako, kisha ukakaa chini kuniandikia mimi kwamba wao ndio tatizo. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi sitakuambia.

Na hili si lako peke yako. Ndoa za siku hizi zimemgeuza mume mmoja au mke mmoja kuwa kijiji kizima. Zamani mwanamke alikuwa na shoga wa kuchota naye maji, wifi wa kucheka naye, somo wa kumfunda, dada wa kumlilia, na mume akabaki kuwa mume. Leo wote hao wamehama, wameolewa mbali, wamehamishwa kikazi, na yule aliyebaki ndani ndiye anayedaiwa kazi zao zote: awe mume, awe shoga, awe mwalimu wa mazoezi, awe kioo cha kukwambia umependeza, awe na pesa, na asichoke. Akikosa kimoja tu, anaitwa hajali. Nimeona ndoa nzuri zikiharibika hivi hivi, hakuna aliyetoka nje wala aliyepigwa, ni deni tu lisilolipika ambalo mmoja kamwandikia mwenzake bila kumwambia. Wanaume nao wana kosa hilihili. Wapo wanaotaka mke awe mama yao na msikilizaji wa shida zote za kazini, kisha usiku wanashangaa amelala. Mume wako amefanya sehemu ya mume. Sehemu ya shoga ilikuwa ya shoga, naye yuko Dodoma, na simu anayo.

Usidhani nakuhukumu nikiwa nimekaa kivulini. Mimi niliambiwa na daktari presha imepanda, nianze kutembea kila asubuhi. Nilikuwa mtu mzima tayari, na niliona haya ya kupita barabarani bila kazi, watu wakisema yule mama anakwenda wapi. Wiki tatu nzima nilibeba kikapu kitupu mkononi, ili anayeniona adhani naelekea sokoni. Kikapu changu na maji yako ni ndugu. Siku ya kukiacha nilikuwa bado naona haya. Nilikiacha kwa sababu mkono uliuma, nikatembea, na nilipofika nyumbani ndipo nikaona kwamba hakuna aliyeniuliza kitu. Ule ujasiri uliokuwa ukinichelewesha niliukuta njiani, baada ya kutoka.

Unasema huna kujiamini. Wewe ni mwalimu. Unaingia darasani, chumba kimejaa watoto, wote wanakutazama wewe, na unafundisha mpaka kengele inagonga. Nini kilikupa ujasiri huo? Ulikuwa na andalio la somo. Jimu unaingia bila andalio, unasimama katikati ya vyuma ukizungusha macho, halafu unashangaa unajiona kama kuku mgeni. Leo usiku chukua daftari, uandike somo la Jumatatu: dakika 5 za kupasha mwili joto, dakika 15 kwenye mashine ya kukimbilia ukitembea haraka tu, kisha kuchuchumaa na kuinuka mara 10, kuvuta vyuma vya mkononi mara 10, kusukuma ukuta mara 10, mizunguko 2, kisha kujinyoosha. Chagua chuma ambacho mara mbili za mwisho unazisikia kweli lakini mgongo haupindi. Toa pumzi unaponyanyua. Kwa kuwa uko peke yako, usilale chini ya chuma kizito cha kubebea kifuani kama hakuna wa kukusimamia. Vile vya mkononi vikikushinda unaviweka chini, basi. Kizunguzungu au maumivu ya kifua yakija, acha papo hapo na ukamwone daktari.

Hiyo mashine ya kukimbilia unayoiogopa ina kamba ndogo yenye kibanio. Ibane kwenye fulana yako kabla hujapanda. Ukiteleza, kamba inachomoka na mkanda unasimama wenyewe. Mengine mwombe mwalimu wa jimu akuonyeshe siku moja, dakika kumi tu. Wewe huwakasirikii wanafunzi wanaouliza, naye kazi yake ni hiyo.

Na kwa nini saa kumi na mbili? Hiyo ilikuwa saa ya shoga yako kutoka kazini. Saa hiyo jimu nyingi ndiyo zimejaa wanaume waliotoka kwenye shughuli zao. Wewe shule unamaliza mapema zaidi. Nenda saa kumi, nafasi ipo na mwalimu hana foleni. Utarudi nyumbani jua bado liko juu ya milima ya Kongo, mtoto hajalala, na mama mkwe wako atapumzika zamu yake ya jioni. Hilo tu lingekuwa shukrani tosha kwake.

Kuhusu macho ya wanaume. Umesema wanakutazama, hujasema kuna aliyekusemesha vibaya au kukugusa. Akitokea wa hivyo, mwambie mwenye jimu siku hiyohiyo, mbele yake, na mumeo naye ajue. Hilo ni kosa na halina mjadala. Lakini macho matupu nayapunguzia nusu. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliandika habari za vijana waliovishwa fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, fulana ya kuwaaibisha, wakaingizwa chumbani kwa wenzao. Aliyeivaa alikisia karibu nusu ya waliomo wameiona. Walioiona walikuwa kama robo tu. Yule kijana unayedhani anakutazama wewe kwenye kioo, mara nyingi anatazama mkono wake mwenyewe kama umeongezeka tangu jana. Nawe kioo kitumie hivyo, kikukague mgongo umenyooka.

Siku mbili za mwanzo utaumwa. Mapaja yatauma kesho yake, na keshokutwa zaidi, hata kukaa kwenye kiti cha ofisi ya walimu kutakuwa kazi. Hayo ni ya kawaida, yanapungua siku ya tatu au ya nne. Usiyafanye sababu. Na usijipangie siku saba kama mlivyokuwa mkifanya na shoga. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli. Kwako siku 3 za jimu zinatosha kuanzia, na zilizobaki tembea. Kutoka Mwanga kushuka hadi ziwani na kupanda tena, mtu wa Kigoma hahitaji kuambiwa kile kilima kinafanya nini kwenye miguu.

Umelipiwa miezi mitatu, na sidhani umetumia hata mmoja vizuri. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu waliokuwa wakijijengea mazoea mapya, wakaona yanachukua wastani wa siku 66 kukaa mwilini, wengine chini sana ya hapo, wengine mbali zaidi, na kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi yote. Hesabu unaijua, kaifanye na kalenda. Ukikosa Jumatano kwa sababu ya mvua au mtihani wa watoto, nenda Alhamisi, usianze kujililia.

Lakini kabla ya Jumatatu kuna kazi ya Jumapili. Kaa na mumeo na mama yake, uwaambie habari ya yale maji. Yote, na kule sokoni kwenye vitenge ulikokaa. Usiseme "ni kwa sababu hamkunisindikiza". Sema uliogopa, ukaona haya kusema unaogopa. Mama mkwe anaweza kukasirika, mwache akasirike, kisha mshukuru kwa zile jioni zote za kumlaza mtoto, kwa kuwa sidhani umewahi. Mumeo usimwombe tena aje jimu. Mwombe kitu kimoja anachokiweza akiwa amekaa kwenye mkeka wake: kila ukirudi akuulize umenyanyua kilo ngapi leo. Nawe umjibu namba ya kweli, hata ikiwa ni mbili.

Shoga naye mpigie Jumapili hiyohiyo. Mwambie saa yako mpya ni saa kumi, akutumie ujumbe saa tisa na nusu tu, neno moja, "nenda".

Taiti, taulo na raba viweke kwenye mfuko wa shule usiku, utoke shuleni moja kwa moja bila kupita nyumbani wala sokoni kwenye vitenge. Na Jumatatu ukirudi, usikimbilie bafuni. Mpitie kwanza mama mkwe jikoni, akuone ulivyo kabla hujaoga.