Maswali na majibu: nyambizi I-27 na meli iliyotoka Mombasa

Swali: Babu yetu alikuwa askari wa mizinga. Alipanda meli Mombasa mwaka 1944, hakurudi. Tunaambiwa walizamishwa na Wajapani. Walitokea wapi?

Jibu: Huenda alikuwa kwenye Khedive Ismail, meli ya abiria iliyogeuzwa ya kubebea wanajeshi, ikielekea Colombo na watu zaidi ya 1,500. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Alasiri ya Februari 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga torpido mbili, yaani mabomu yanayojiendesha majini. Hazikupita hata dakika tatu, meli ikawa chini. Walikufa 1,297. Kituo cha nyambizi hizo za Kijapani kilikuwa Penang, Malaya. Mombasa Wajapani hawakuwa na haja ya kufika.

Swali: I-27 ilishazamisha meli nyingine kabla ya hapo?

Jibu: Nyingi. Mei 1942 ilibeba nyambizi ndogo ya watu wawili hadi nje ya bandari ya Sydney. Ile ndogo ikanasa kwenye wavu wa ulinzi wa bandari, na wawili hao wakajilipua nayo. Siku chache baadaye I-27 ikazamisha Iron Crown, meli ya madini, pwani ya Victoria. Kisha ikahamia Bahari ya Hindi.

Swali: Eti manowari za Kiingereza ziliwalipua watu wao wenyewe majini? Au ni porojo?

Jibu: Si porojo. I-27 ilijificha chini ya manusura waliokuwa wakielea. Meli nyingine za msafara zilikuwa bado zimejaa askari, na nyambizi ilikuwa bado na torpido. Manowari Petard na Paladin zikaangusha mabomu ya kina, yanayolipukia chini ya maji, ambayo mshindo wake majini humpasua mtu matumbo. Nahodha wa manowari simlaumu, ila aliyeona mwenzake akifa vile ana haki ya kutomsamehe.

Nyambizi ikaibuka. Mizinga haikuitoboa. Paladin ikaifuata kuigonga, ikaamriwa iache. Ilipokata kona, bawa la nyambizi, lile la kuiongozea kupanda na kuzama, likaichana Paladin ubavu. Petard ikafyatua torpido moja baada ya nyingine, na ya saba ndiyo iliyopata. Kwa I-27 alipona baharia mmoja tu.

Swali: Majina ya askari wetu yako wapi?

Jibu: Kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Tafuteni kwa tahajia zaidi ya moja. Makarani wa jeshi waliandika walivyosikia.