Alama za nguvu kwenye programu ya afya: kwa nini grafu haisemi kitu

Swali: Kwa miezi miwili sasa, kila usiku kabla ya kulala, najaza kiwango cha nguvu zangu kwenye programu ya afya ya simu, kuanzia 1 hadi 10. Grafu imenyooka tu kati ya 5 na 7, na ninajua fika kuna siku nilikuwa hoi. Halafu kuna ukurasa mwingine wa nishati humo humo ambao hupanda siku zile zile ninazochoka. Ninakosea wapi, na nipime vipi ili nijue kinachonimaliza?

Jibu: Huo ukurasa wa pili unahesabu kilokalori, yaani makadirio ya nishati uliyoitumia kwa kutembea, kupanda ngazi na kazi nyingine za mwili. Hausemi umebakiwa na nguvu kiasi gani. Ukitembea sana unapanda, nawe jioni unachoka, kwa hiyo hakuna kinachopingana hapo. Uweke kando.

Tatizo lenyewe liko kwenye saa unayojaza. Usiku ukijiuliza "leo nilikuwaje?", unajibu kwa kumbukumbu, na kumbukumbu huvutwa na hali uliyo nayo wakati huo. Aliyeishiwa nguvu saa 8 mchana akazinduka saa 1 jioni ataandika 6. Aliyekuwa vizuri kutwa nzima naye ataandika 6. Ndiyo maana mstari wako umenyooka.

Jaza mara tatu kwa siku, na kila mara ujibu swali moja: sasa hivi nikoje? Mara ya kwanza iwe dakika 60 baada ya kuamka, kwa sababu uzito wa usingizi huchukua nusu saa hivi kuondoka, wakati mwingine hata saa nzima, na ukijaza mapema zaidi utakuwa unapima kuamka tu. Ya pili iwe saa 8 mchana, pale saa ya ndani ya mwili inapolegea kwa watu wengi, wawe wamekula au hawajala. Ya tatu, saa 1 jioni. Weka vikumbusho vitatu. Ukichelewa zaidi ya dakika 30, acha nafasi wazi. Nafasi tupu haikudanganyi, lakini alama ya kukisia itakupotosha wiki nzima.

Kisha ubadili kipimo. Ngazi 10 zisizo na maana maalumu humfanya mtu akimbilie katikati. Tumia 5, kila moja ifungwe kwenye jambo unaloweza kuliona. 1: umelala au umekaa tu, hata kuoga unaahirisha. 2: unafanya ya lazima kwa kujisukuma. 3: kazi za kawaida zinakwenda, lakini ukiongezewa moja utalalamika. 4: unafanya kazi bila kujisukuma. 5: umemaliza na unatafuta nyingine. Yaandike maneno haya mahali utakapoyaona kila unapojaza. Ukiyabadili katikati, anza hesabu upya. Usiunganishe alama za zamani na mpya.

Kando ya alama weka ndiyo au hapana: nasinzia? Jambo hili wengi hulipuuza, nami nakusihi usilipuuze. Anayesinzia, akikaa kimya macho yanafumba. Aliyechoka anaweza kulala chali saa nzima asipate usingizi, na mwili bado umekataa. La kwanza linakuelekeza kwenye muda na ubora wa usingizi. La pili lina njia nyingi: upungufu wa damu, tezi ya shingo, maambukizi, huzuni ya muda mrefu, kazi kupita kiasi. Ukivichanganya katika namba moja, hutavitenganisha tena.

Kama programu yako haikubali kipimo chako, tumia lahajedwali (jedwali la kompyuta kama Excel) yenye safu tano: tarehe, saa, alama, kusinzia, na maelezo yasiyozidi maneno matano. Programu nyingine, Apple Health ikiwemo, zina sehemu ya kurekodi uchovu kama dalili. Inafaa, ila huko kupanda maana yake ni kuzidiwa.

Ukivaa saa janja, jaza alama yako kwanza, ndipo uitazame saa. Body Battery, kipimo cha nguvu za mwili kwenye saa za Garmin, kwa mfano, hutoa namba kati ya 5 na 100 kutokana na mapigo ya moyo, msongo, usingizi na mwendo. Ukiiona kwanza utaandika maoni ya saa.

Usifungue grafu mpaka wiki 4 ziishe. Ukifungua, usichanganye alama tatu za siku kuwa wastani mmoja. Soma asubuhi peke yake, mchana peke yake, jioni peke yake. Chukua siku 7 za chini kabisa na 7 za juu kabisa katika alama za mchana, uzipange ubavu kwa ubavu pamoja na saa za usingizi, saa ya kuamka, kahawa ya mwisho na kazi nzito ya siku mbili zilizotangulia. Kahawa ihesabiwe kwa makini: kafeini hupungua nusu kwa takribani saa 5, kwa hiyo ukinywa saa 10 jioni, saa 3 usiku nusu yake bado imo mwilini. Mwenye hedhi aandike pia siku ya mzunguko, na asubiri mizunguko miwili au mitatu kabla ya kuamua.

Kuna mtego mmoja hapo. Usingizi ulioanza Jumatatu saa 5 usiku ukaisha Jumanne, programu nyingine huuweka Jumatatu na nyingine Jumanne. Hakikisha kwa usiku mmoja unaoukumbuka vizuri, la sivyo utalinganisha nguvu za Jumanne na usingizi uliolala baadaye.

Ukishaona mshukiwa, badili kitu kimoja tu kwa wiki 2, kwa mfano saa ya kuamka, vingine viache vilivyo.

Ukiona alama zinaporomoka saa 24 hadi 48 baada ya kazi nzito, na hali hiyo inajirudia, usijilazimishe mazoezi, muone daktari. Muone pia ikiwa asubuhi nyingi za wiki 2 mfululizo ni 1 au 2, au uchovu unaambatana na kupungua uzito, kiu isiyoisha, kukosa pumzi, au kukoroma kunakokatikakatika. Mpelekee karatasi moja: alama za asubuhi za wiki 4, siku ulizosinzia, saa za usingizi, na dawa unazotumia pamoja na tarehe ulizozianza.