Shangazi Ajibu: "Nimechoka na yote. Nikiacha kujali nitakuwa nimekosea?"

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, ni mhariri wa video katika kampuni inayotayarisha tamthilia na vipindi vya burudani. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu. Umeongezwa kwa mtindo huo miaka sita sasa, na kila ukikaribia kwisha sipati usingizi. Mwaka jana kampuni ilitangaza faida, wiki mbili baadaye ikapunguza wahariri wanne kwa maelezo kwamba "soko halitabiriki". Nimepiga kura mara tatu. Walioshinda na walioshindwa wote wanazungumza lugha moja kuhusu ajira, na wote nawaona kwenye hafla za mabosi wale wale. Usiku nikitaka kutazama kitu cha kunipumzisha, nakutana na sehemu ya nne ya hadithi niliyoiona nikiwa shuleni. Kinachoniuma zaidi, mchana kutwa mimi mwenyewe ndiye ninayezikata na kuziunga hizo hadithi za kurudiwarudiwa. Nafikiria kuacha: nisipige kura, nisifuatilie habari, nifanye kazi nipokee changu basi. Nitakuwa nimekosea?

Mhariri aliyechoka

Marahaba mwanangu. Nilipofika kwenye hayo maneno "soko halitabiriki" niliiweka barua yako mezani nikatembea kidogo kabla ya kuendelea. Nimewahi kuambiwa maneno hayo hayo, neno kwa neno.

Kabla ya kupewa ukurasa huu nilikaa miaka tisa nikiandika tamthilia ya televisheni. Kuna wiki niliandika onyesho la fundi cherehani aliyefukuzwa kazi. Amekaa mezani anahesabu vifungo vilivyobaki. Sekunde 40, hasemi kitu. Anahesabu mpaka 17, anakosea, anavirudisha vyote kwenye kopo, anaanza upya. Mkurugenzi wa vipindi akaja na karatasi yenye grafu, akaweka kidole kwenye dakika ya sita, pale mstari unapoporomoka. "Hapa ndipo watu wanapotukimbia," akasema. "Ukimya unafukuza watazamaji." Grafu ile ilikuwa ya kipindi cha wiki iliyopita, fundi wangu alikuwa hajarushwa hewani. Na dakika ya sita ndiyo dakika ambayo matangazo ya biashara yalikuwa yakiingia. Nilimwonyesha. Alinisikiliza kwa upole kabisa, na onyesho likakatwa.

Mwaka uliofuata tamthilia yenyewe ikasimamishwa. Waandishi saba tulipata habari Ijumaa jioni, kwa ujumbe wa simu, na ndani yake ndimo mlimokuwa na hilo soko lisilotabirika. Aliyechagua nini kikatwe na nini kibaki kwa miaka yote ile alihamishiwa cheo kikubwa zaidi. Sisi tuliokuwa tukimwonya tukaenda nyumbani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafakari jambo moja, na ndilo ninalotaka ulishike. Tunasema kampuni za burudani zinaogopa hasara. Tunasema wanasiasa wanaogopa hasara. Mimi naona hasara wanaikubali bila shida, mradi wameshatafuta wa kuibeba. Mkataba wako wa miezi mitatu ni hicho tu. Kampuni imejikatia bima dhidi ya soko, na malipo ya bima hiyo ni usingizi wako. Mambo yakienda vizuri faida inapanda juu kwa wenye hisa. Yakienda vibaya, wahariri wanne wanaondoka, na hakuna anayelazimika kusema kwamba alikosea. Huo usiuite uangalifu. Mtu mwangalifu huchunga kilicho chake.

Sasa hizo sehemu za nne. Hujakosea kuona kwamba zimejaa. Mwaka 2024, filamu kumi zilizoingiza fedha nyingi zaidi duniani zote zilikuwa mwendelezo au zimetokana na kazi iliyokwishakuwepo. Zote kumi. Wenye mali watakwambia ndizo watu wanazozitaka, na kweli watu walilipa kuziona. Nami sitawatukana watazamaji, maana mtu aliyetoka kazini amechoka hana kosa kuchagua anachokifahamu. Ila tazama hicho kinachoitwa salama kilianzaje. Mwaka 1977 filamu ya Star Wars, hadithi ya vita vya angani, ilifunguliwa katika kumbi zisizofika 50 Marekani nzima. Kampuni ya filamu ya United Artists ilikuwa imeikataa, Universal nao wakaikataa. 20th Century Fox, walioichukua, waliona haki za mwendelezo na za bidhaa kama wanasesere ni kitu kidogo, wakamwachia George Lucas, aliyeiandika na kuiongoza. Mwaka 2012 Disney walilipa zaidi ya dola bilioni 4 kuinunua kampuni yake. Kinachouzwa leo kama kitu cha uhakika kilikuwa kamari ya mtu mmoja ambaye milango miwili ilikuwa imeshafungwa usoni pake. Wanavuna shamba la aliyethubutu, na huku wanakataa kupanda.

Na wakati mwingine hata wanachokipanda wanaking'oa. Mwaka 2022 Warner Bros. Discovery waliifungia filamu ya Batgirl, iliyokwisha kupigwa picha na kugharimu takriban dola milioni 90, wakaiingiza vitabuni kama hasara ili ipunguze kodi. Haikuonyeshwa. Wewe ni mhariri, kwa hiyo najua umeelewa kabla sijamaliza: ilikuwa imo katika uhariri. Kuna wenzako walikuwa wamekaa na picha zile, wanajua ni mara ya ngapi mwigizaji alipatia, wanajua ni sauti ipi ilihitaji kusafishwa. Kazi yao ikawa tarakimu kwenye hesabu za kodi. Nikiikumbuka habari ile hasira inanipanda mpaka leo.

Kwenye siasa mchezo haubadiliki sana. Wasomi wa siasa Martin Gilens na Benjamin Page walichapisha mwaka 2014 uchambuzi wa masuala 1,779 ya kisera nchini Marekani, kati ya 1981 na 2002. Walikuta kwamba pale wananchi wa kipato cha kati wanapotaka jambo wasilolitaka matajiri na makundi ya wafanyabiashara, matakwa ya wananchi hao karibu hayaonekani katika matokeo. Wapo wasomi walioipinga hesabu hiyo, wakisema mara nyingi matajiri na watu wa kati wanataka mambo yale yale. Lakini ukijua kwamba mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikuwa imeziruhusu kampuni kutumia fedha bila kikomo kwenye kampeni, mradi hazizipeleki moja kwa moja kwa mgombea, hutashangaa tena mwanasiasa anamtazama nani kabla hajafungua mdomo. Unachokihisi una sababu ya kukihisi.

Kwa hiyo umechoka, na ni halali yako. Hapo sina ugomvi nawe. Ugomvi wangu uko kwenye neno "yote". Umeandika kwamba umechoka na yote, na ukishasema yote ni moja, hakuna mahali pa kushika. Wanaokuhamishia hasara watafurahi sana ukiamini kwamba mkataba wako, kura yako na filamu mbovu ya usiku ni hali ya hewa. Ni maamuzi. Kila moja lina mtu aliyeliamua, na karibu kila moja liliandikwa kwenye karatasi.

Nikupe mfano wa Ireland. Suala la utoaji mimba wanasiasa wa nchi ile walilikwepa kwa miaka mingi, kila chama kikihofia kura zake. Kati ya 2016 na 2018 wakaitwa raia 99 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, mwenyekiti wao akiwa jaji, wakasikiliza wataalamu na watu wa pande zote, wakajadiliana wikendi baada ya wikendi, wakatoa mapendekezo yao. Mei 2018 taifa likapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakakubali katiba ibadilishwe. Siulizi wewe uko upande gani katika suala lenyewe. Nakuonyesha tu kwamba jambo lililodaiwa kuwa haligusiki, watu wa kawaida waliligusa wakalimaliza.

Halafu kuna hili la fani yetu wenyewe, na hapa niruhusu nikawie. Mei 2, 2023, waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma. Julai wakaungwa na waigizaji. Mara ya mwisho makundi hayo mawili kugoma kwa wakati mmoja ilikuwa 1960. Mojawapo ya malalamiko ya waandishi ungeyajua hata usiku wa giza: kampuni zilikuwa zinawakusanya wachache, kwa wiki chache, kabla mfululizo haujaidhinishwa, wanachukua miswada, kisha wanawaachia. Kazi ya msimu mzima inakamuliwa kwa malipo ya majuma. Wakakaa nje siku 148. Waliporudi walikuwa na mkataba unaotaja idadi ya chini ya waandishi kulingana na urefu wa mfululizo, nyongeza ya malipo kwa kipindi kinachotazamwa sana mtandaoni, na kifungu kinachosema kilichoandikwa na akili bandia hakihesabiki kuwa kazi ya mwandishi. Sitakudanganya kwamba kila kitu kilipona. Siku 148 bila malipo ni nyingi mno, na baada ya mgomo kazi hazikurudi kwa wingi ule wa zamani. Lakini kile kipande cha hasara ambacho kampuni zilikuwa zimezoea kukisukuma chini kilirudishwa juu, kwa maandishi, na saini zao zikawekwa.

Sasa wewe. Usimfuate bosi peke yako. Mtu mmoja mwenye mkataba wa miezi mitatu anaondolewa kwa kusubiriwa tu. Zungumza na wahariri mnaoaminiana, hata mkiwa watatu. Kila mmoja alete mikataba yake yote, mzipange tarehe kwenye karatasi moja: umeanza lini, umekwisha lini, umeongezwa mara ngapi. Miaka sita ya miezi mitatu mitatu ni mikataba 24, mwanangu. Iandike hiyo 24 uiangalie. Kisha tafuteni sheria ya kazi ya kwenu inasemaje kuhusu mikataba ya muda inayorudiwa mfululizo. Sheria za namna hiyo zipo sehemu nyingi. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, tangu 1999 umezitaka nchi wanachama ziweke vizuizi dhidi ya kuitumia vibaya mikataba ya aina hiyo. Mkishajua mmesimama wapi, tafuteni chama cha wafanyakazi wa fani yenu mkiwa na karatasi hiyo mkononi. Kama hakuna, nyinyi watatu ni mwanzo.

Kura yako usiitupe. Ibane. Uchaguzi ukija, chukua swali moja tu uwaulize wote wanaokuomba kura: mkataba wa muda uruhusiwe kurudiwa mara ngapi kabla mtu hajawa mwajiriwa wa kudumu? Anayejibu kwa hotuba, muulize tena. Anayejibu kwa idadi, iandike na tarehe aliyoisema.

Na usiku, zima hiyo sehemu ya nne. Huna deni nayo, ulishaihudumia mchana kutwa.

Nafasi imebaki ya barua moja fupi.

Shangazi shikamoo. Nimeambatanisha mswada wangu wa filamu, kurasa 88. Kampuni tatu zimeukataa kwa kusema "haujathibitishwa sokoni". Ya nne itauchukua nikibadilisha mwisho, na haki zote zibaki kwao. Nina hamu sana uonekane. Nikubali?

Mwandishi mchanga

Marahaba. Nimeusoma mara mbili. Kuhusu mwisho, jadiliana nao. Mwisho wako wa sasa umeharakishwa kidogo, na wanaweza kuwa wameona kitu hata kama wamekieleza vibaya. Kuhusu haki zote, usikubali. Waulize kwa maandishi: haki za mwendelezo ni za nani, filamu ikiuzwa kwingine mrabaha wako ni asilimia ngapi, na wasipoitengeneza ndani ya muda fulani, mswada unarudi kwako? Hilo la tatu ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu mswada unaweza kununuliwa ukakaa kabatini miaka kumi nawe huruhusiwi kuugusa. Watakaokataa kukujibu maswali matatu hawatakutendea vizuri kwenye la nne. Ukiweza, mpe mwanasheria ausome mkataba kabla hujaweka saini, hata kama itabidi ukope.

Kitu kimoja zaidi. Kwenye ukurasa wa 31 mzee anarudi kutoka kwenye mahojiano ya kazi, anavua viatu, anavipanga mlangoni, anavigeuza vielekee nje, anakaa. Pembeni kuna mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Ongeza maneno hapa." Usiongeze. Mwache avigeuze viatu vyake.